Jicho la juu, ufito wa chini: kinamasi chetu kiko hai au kinakauka?



Somo la mara hii halikutoka kwetu ofisini, lilitoka kwenu. Tulikuwa na mkutano na kooperative moja ya mpunga upande wa chini ya mto, tukielekea Isangi. Prezida wa kooperative akasimama, akasema: «Tuko na pori kubwa ya maji nyuma ya kijiji. Haitusaidie kitu. Tukichimba mufereji, maji itatoka kwenda mtoni, tutapanda mupunga. Ni mubaya?»

Kijana mmoja akatoa simu yake, akatuonyesha picha ya setilaiti. Pori lote lilikuwa kijani. Akasema: «Muone, iko muzuri tu, haijaharibika.» Halafu mama mmoja aliyekaa nyuma akajibu kwa sauti ndogo kwamba kule ndiko wanakovua samaki na kukata majani ya kuezekea, na kwamba maji ya safari hii yalishuka kuliko miaka mingine.

Watu watatu, maneno matatu, na kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli. Sisi hatukutaka kujibu haraka haraka, juu mfereji ukisha kuchimbwa hauzibiki kwa maneno. Basi tumeandika somo hili ili kila kooperative yenye kinamasi iweze kujijibu yenyewe, kwa kuunganisha macho mawili: jicho la juu, yaani setilaiti, na jicho la chini, yaani nyinyi wenyewe mkiwa na ufito mkononi.

1. Mboji ya kinamasi ni kitu gani?

Kwenye shamba la nchi kavu, jani likianguka linaoza. Wadudu na vijidudu wanalila, na baada ya miezi michache halionekani tena. Ndani ya kinamasi mambo ni mengine. Maji yanajaza udongo, hewa haiingii, na vijidudu wale hawawezi kufanya kazi yao yote. Majani, mizizi na vipande vya miti vinalala vimeoza nusu tu. Mwaka kwa mwaka vinapandana, vinakuwa tabaka jeusi au la kahawia, laini, lenye nyuzi. Tabaka hilo ndilo tunaloita mboji ya kinamasi. Kwa Kifaransa wataalamu wetu wanaliita turbu.

Tabaka hilo linakua polepole sana. Katika bonde la Kongo kuna mahali ambapo mboji ya chini kabisa ilianza kulala zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Mita moja ya mboji si kazi ya babu yako, ni kazi ya vizazi mia na zaidi.

Kwa muda mrefu hakuna aliyejua ukubwa wa mboji yetu. Mwaka 2017 wanasayansi wa Uingereza na wa Kongo-Brazzaville walitoa ramani ya kwanza ya kinamasi kikubwa cha katikati ya bonde. Mwaka 2022 ramani ikasahihishwa kwa vipimo vya upande wetu wa RDC, na Profesa Corneille Ewango wa Chuo Kikuu cha Kisangani alikuwa mmoja wa waliofanya kazi hiyo. Walipata eneo la kilomita za mraba 167,600 hivi, zaidi ya mara tano ya nchi ya Ubelgiji. Sehemu mbili kati ya tatu ziko RDC. Ndani yake kumelala tani bilioni 29 hivi za kaboni. Ukigawa, ni karibu tani 1,700 kwa kila hekta moja, na nyingi iko chini ya miguu, si kwenye miti.

Kitovu cha ramani ile kiko Équateur na majimbo jirani, chini ya mto kutoka kwetu. Sisi wa Tshopo tuna vinamasi vingi kandokando ya mito, lakini si kila poto-poto ni mboji. Hilo ndilo jambo la kwanza la kuchunguza.

2. Maji yakitoka, nini kinatokea?

Kinachoilinda mboji ni maji. Mfereji ukichimbwa, maji yanashuka, hewa inaingia, na vijidudu wanaanza kula kile kilichokaa miaka elfu. Kaboni inatoka kama moshi usioonekana. Ardhi yenyewe inashuka kama godoro la sponji lililokamuliwa. Huko Sumatra, katika mashamba makubwa ya michikichi na miti yaliyopandwa juu ya mboji iliyokaushwa, wapimaji waliona ardhi ikishuka zaidi ya mita moja katika miaka 5 ya kwanza, halafu karibu sentimita 5 kila mwaka. Shamba linashuka mpaka linakuwa chini kuliko mto, na siku ya mafuriko maji yanarudi kuchukua mahali pake.

Wandugu wa Indonesia walilipa bei kubwa kujifunza hilo. Mwaka 1996 serikali yao ilianza kukausha eneo la karibu hekta milioni moja huko Kalimantan ya Kati, kwenye kisiwa cha Borneo, wapande mpunga. Angalieni vizuri: mpunga, sawa na sisi. Walichimba mifereji yenye urefu wa zaidi ya kilomita 4,000. Mpunga ukakataa, juu mboji ina asidi nyingi na chakula kidogo cha mimea. Mwaka 1997 kukaja ukame, na moto ukaingia ndani ya mboji iliyokauka. Moto wa mboji hauwaki kama moto wa matiti. Unatambaa chini, unafuka moshi wiki nyingi, ukizimwa hapa unatokea kule. Mradi ulisimamishwa mwaka 1999, lakini mifereji ilibaki. Mwaka 2015 moto ukapita tena katika hekta milioni 2.6 za Indonesia, na sehemu kubwa ya moshi ilitoka kwenye mboji.

Ndiyo maana mwezi Machi 2018 Indonesia, RDC na Kongo-Brazzaville walikutana Brazzaville wakatia sahihi tamko la kulinda mboji. Wao wanatafuta kurudisha maji yaliyotoka. Sisi bado tuna maji yetu mahali pengi. Kulinda ni rahisi kuliko kurudisha, lakini huwezi kulinda kitu usichokifuatilia.

3. Setilaiti inaona nini?

Setilaiti ni chombo kinachozunguka dunia huko juu na kupiga picha za ardhi. Ziko za namna nyingi, na kila moja ina kazi yake. Tuziweke katika makundi matatu.

*Zinazoona kwa mwanga wa jua.* Hizi ni kama macho yetu. Landsat za Marekani zinapiga picha tangu 1972, kwa hiyo tunaweza kulinganisha kinamasi cha leo na kile cha wakati wa wazazi wetu. Sentinel-2 za Ulaya zilianza 2015, na kila kipande kidogo cha picha yake ni mraba wa mita 10 kwa 10 ardhini. Zinaonyesha miti iliyokatwa, mashamba mapya, makovu ya moto. Udhaifu wake ni mawingu. Hapa kwetu karibu na ikweta mvua inanyesha karibu mwaka mzima, na picha nyingi zinakuja zimefunikwa nyeupe.

*Rada.* Hizi hazingoji jua. Zinatuma wimbi lao wenyewe chini na kusikiliza linaporudi, mchana au usiku, mawingu yakiwepo au yasiwepo. Sentinel-1 inafanya kazi hiyo tangu 2014. Wimbi lake ni fupi, linagonga majani ya juu zaidi, kwa hiyo ni nzuri kwa kugundua miti iliyoanguka. Rada ya Japani inayoitwa ALOS ina wimbi refu zaidi. Hilo linapenya majani, linagonga maji yaliyosimama, linagonga shina la mti, kisha linarudi juu na nguvu. Kwa hiyo pori lenye maji chini ya miti linang'aa kwenye picha. Rada hiyo ilisaidia sana kutengeneza ramani ya 2017.

*Zinazoona joto.* Hizi zinagundua moto. Shirika la anga la Marekani, NASA, linatoa taarifa hizo bure kwa yeyote kupitia huduma inayoitwa FIRMS, saa chache tu baada ya setilaiti kupita. Nukta moja ya moto kwenye ramani yake inaweza kusimama kwa mraba wa karibu mita 375 kila upande. Haikuambii ni shamba la nani. Inakuambia: nendeni mkaangalie.

Kwa wenye simu ya intaneti, ramani ya Global Forest Watch inaonyesha bure tahadhari za miti iliyoangushwa. Programu yake ya simu, Forest Watcher, inaweza kupakuliwa mkiwa mjini penye mtandao, halafu mkaitumia porini pasipo na mtandao. Mtu mmoja wa kooperative akifika Kisangani kwa kazi nyingine, apakue na ramani za mwezi.

4. Setilaiti haioni nini?

Sasa turudi kwa kijana wetu na simu yake. Picha yake haikusema uongo. Lakini yeye aliiuliza swali lisilo lake. Kijani maana yake kuna majani. Haina maana kuna maji chini. Kinamasi kinaweza kukauka huku miti ikibaki kijani miaka kadhaa, na wakati huo mboji inaisha kimya kimya. Ukisubiri rangi ibadilike, umechelewa.

Mambo manne ambayo jicho la juu halioni, ama linaona kwa shida:

- Haioni mboji yenyewe. Inaona miti na maji, halafu wataalamu wanakisia kwamba chini yake kuna mboji. Bila mtu aliyeingia kwenye matope na kutoboa, ramani ni makisio tu. Ramani ya 2017 na ile ya 2022 zote mbili zilisimama juu ya miguu ya watu waliolala porini wiki nyingi.
- Haioni kina. Sentimita 30 na mita 3 zinafanana ukiwa juu.
- Haioni mfereji mwembamba chini ya miti mikubwa. Mfereji wa mita moja unapotea ndani ya kipande cha mita 10.
- Haijui sababu. Maji yameshuka juu ya mvua kidogo, ama juu ya mfereji, ama juu ya barabara mpya iliyoziba kijito? Hilo mnajua nyinyi.

Kwa hiyo yule mama aliyesema maji yameshuka alikuwa ametoa habari ambayo picha ile haikuwa nayo. Shida ni moja: haikuandikwa. Neno lisiloandikwa haliwezi kulinganishwa na mwaka ujao.

5. Kazi ya chini, hatua kwa hatua

Kazi hii inaweza kufanywa na watu watano kwa siku mbili. Vifaa ni panga, kamba, utepe wa kupimia wa fundi, ufito ulionyooka wa mita 3 au 4 wenye alama kila sentimita 10, daftari, na simu moja yenye GPS. Kabla ya kuingia, mwambieni shefu wa kijiji na wenye ardhi. Msiende mtu mmoja mmoja.

Hatua ya 1: Chora mstari. Anzieni nchi kavu, ingieni moja kwa moja kuelekea katikati ya kinamasi. Simameni kila mita 100.

Hatua ya 2: Angalia miti. Watafiti waliotengeneza ramani waligundua kwamba mboji inapatikana zaidi chini ya kinamasi cha mirafia na chini ya kinamasi cha miti migumu kinachokaa na maji wakati mrefu. Pale ambapo mto unafurika msimu mmoja halafu panakauka, kwa kawaida hawakuikuta. Kwa hiyo ulizeni wazee: hapa maji yanakauka kabisa mwezi gani? Wakisema «hapakauki», funga macho yako kidogo, kuna kitu chini.

Hatua ya 3: Shika udongo. Chota mkono mmoja kutoka chini ya majani mapya, kama sentimita 30 ndani. Kamua. Mboji inatoa maji ya kahawia, inabaki nyuzi na vipande vya mizizi, haina mchanga kati ya vidole. Udongo wa mfinyanzi unateleza, unashikamana, unaweza kuufinyanga kama chungu. Anika kidogo nyumbani mpaka kikauke sawasawa, halafu uchome kwenye kipande cha bati. Mboji nzuri inaungua na kuacha majivu machache. Mfinyanzi unabaki vile vile. Maabara hufanya jambo hilo hilo kwa tanuri na mizani. Katika ramani ya bonde letu, mboji ilihesabiwa pale tu mabaki ya mimea yalipofika angalau 65 kwa mia, na tabaka likafika angalau sentimita 30.

Hatua ya 4: Pima kina. Shindilia ufito kwa mikono polepole. Ndani ya mboji unaingia kama kisu kwenye chikwangue. Ukifika kwenye mfinyanzi au mchanga unakaza. Soma alama, andika. Pima mara tatu kila kituo, juu mzizi unaweza kukudanganya.

Hatua ya 5: Pima maji. Chukua bomba la plastiki la mita 2, litoboe matundu madogo pande zote, ulizamishe wima mpaka likaze, ukiacha sentimita 30 juu. Kila wiki, siku ile ile, mtu mmoja apime maji yako wapi kuanzia uso wa ardhi: juu yake ama chini yake, sentimita ngapi. Hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote. Kwa mabomba matatu tu na daftari moja, kwa mwaka mzima, mtakuwa na kitu ambacho hakuna setilaiti inayokiona wazi.

Hatua ya 6: Funga na picha. Kila kituo andikeni namba za GPS, tarehe, na mpige picha nne za simu: kaskazini, mashariki, kusini, magharibi. Mwaka ujao rudini mwezi ule ule. Msilinganishe Februari penye mvua chache na Oktoba penye mvua nyingi, mtajidanganya. Kanuni hiyo ni ya setilaiti pia: mwezi kwa mwezi ule ule.

6. Mfano wa karatasi

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo, mwone namna ya kusoma.

Kituo 1, mita 0: mfinyanzi, mboji hakuna, maji sm 60 chini.
Kituo 2, mita 100: mfinyanzi wenye majani, mboji sm 10, maji sm 35 chini.
Kituo 3, mita 200: mirafia inaanza, mboji sm 40, maji sm 10 chini.
Kituo 4, mita 300: mirafia mingi, mboji sm 120, maji juu ya ardhi sm 5.
Kituo 5, mita 400: mirafia mingi, mboji sm 190, maji juu ya ardhi sm 10.

Karatasi hii inasema nini? Kituo cha 1 na cha 2 ni bonde la kawaida la mfinyanzi. Mpunga unaweza kukaa hapo, maji yakishikwa kwa matuta. Kuanzia kituo cha 3 ni mboji. Mfereji ukipita kutoka kituo cha 5 kwenda mtoni, hautakausha mstari wake tu. Maji ya pande zote mbili yatafuata, mbali kuliko mnavyofikiri, na shamba la mfinyanzi la kituo cha 2 linaweza kukosa unyevu wake wa kiangazi. Kwa karatasi hii tu, kooperative inajua mpaka wa shamba upitie wapi.

Sasa weka karatasi hii mbele ya picha ya setilaiti. Mahali penye kituo cha 4 na cha 5 panafananaje kwenye picha? Tafuteni rangi ile ile sehemu nyingine za pori lenu. Hapo ndipo mtakapokwenda kupima mara ya pili. Na hivyo ndivyo ramani kubwa zinavyotengenezwa: pointi chache za matope zinafundisha picha kubwa.

7. Kama maji yamekwisha kutoka

Kuna kooperative zilizokwisha kuchimba. Hatuwahukumu. Zinaweza kurudisha.

Kanuni ya Indonesia ni kuziba mifereji kwa vizuizi vya mbao na udongo, kimoja baada ya kingine, kuanzia juu kushuka chini, ili maji yapande polepole bila kubomoa. Sheria yao inataka maji kwenye mboji iliyolimwa yasishuke chini ya sentimita 40 kutoka uso wa ardhi. Hiyo ni dawa kwa mgonjwa, si ruhusa kwa mzima. Kinamasi chetu ambacho hakijaguswa kinataka maji karibu na juu.

Namna ya kujua kama dawa inafanya kazi: bomba lenu linapanda wiki kwa wiki, nukta za moto zinapungua kiangazi kwa kiangazi, kwenye rada ya wimbi refu pori linaanza kung'aa tena mwezi ule ule wa mwaka, na mirafia midogo inaota yenyewe. Kitu kimoja peke yake hakitoshi. Vikikubaliana vitatu, mnaweza kufurahi.

Jirani zetu wa Rwanda wana mfano wa Rugezi, kinamasi cha mboji kaskazini mwa nchi. Watu walikausha sehemu zake wakalima. Maji ya ziwa Burera, yanayopokea kutoka huko, yakashuka. Ukame nao ukachangia. Kituo cha umeme cha Ntaruka kikapungukiwa nguvu, na mwaka 2004 nchi nzima ikaona giza. Serikali ikazuia kilimo ndani ya kinamasi, maji yakarudi, na Desemba 2005 Rugezi ikaandikwa kama ardhi oevu yenye thamani ya dunia nzima. Ni ushindi. Lakini wakulima waliokuwa na bustani mle ndani ndio waliolipa kwanza. Somo letu: mkitaka kurudisha maji, kwanza kaeni na wale wanaolima ndani, mkubaliane watalima wapi. Mwenye njaa atafungua kizuizi usiku, na hatutamlaumu.

8. Kabla ya kutia sahihi karatasi ya kaboni

Habari za kaboni zimefika vijijini. Watu wanakuja na karatasi, wanasema pori lenu litalipwa. Mengine ni kweli, mengine ni maneno. Jueni kwamba kaboni kuwa chini ya ardhi peke yake haileti pesa. Mnunuzi hulipia mabadiliko yaliyopimwa: nini kingetokea, na nini kimetokea. Kwa hiyo anayeshika vipimo ndiye anayeshika nguvu. Ulizeni:

- Nani atapima maji na kina cha mboji? Daftari litakaa kwa nani?
- Picha za setilaiti mtaonyeshwa, kwa lugha mnayoielewa, ama zitabaki kwao?
- Miaka mingapi? Uvuvi, malafu na majani ya kuezekea vinaruhusiwa?
- Moto ukitoka kwa jirani ukaingia kwetu, nani anabeba hasara?
- Fungu la kijiji ni ngapi, na limeandikwa wapi?

Kumbukeni pia kwamba tangu amri ya mwaka 2014, jamii yenye pori la mababu inaweza kuomba liwe pori la jamii, mpaka hekta 50,000, bila kikomo cha miaka. Karatasi zenu za vituo na GPS zinasaidia kuchora ramani ya ombi hilo. Ni bora mwenye nyumba awe na hati kabla mpangaji hajafika.

9. Tumjibu nini prezida?

Tulirudi tukamwambia hivi: papa prezida, usichimbe bado. Si kwamba mpunga ni mbaya, wala kwamba pori lina thamani kuliko watoto wenu. Ni kwamba hujui bado mfereji utapita juu ya nini. Siku mbili za ufito, halafu uamue. Kama ni mfinyanzi, tutakusaidia kupanga matuta na mbegu. Kama ni mboji, mfereji utakupa mavuno kidogo, halafu ardhi inayoshuka na moto usiozimika, na samaki wa wamama watakuwa wamekwenda.

Alicheka, akasema ufito hauna bei, basi wataanza nao. Kijana wa simu akapewa kazi ya GPS. Mama wa samaki akapewa daftari la maji.

Maswali ya kujadili kwenye mkutano wenu

1. Kinamasi chetu kinakauka mwezi gani? Wazee na wavuvi wanasema nini kuhusu miaka 10 iliyopita?
2. Kuna mfereji, barabara au njia ya magogo iliyobadilisha mwendo wa maji? Ichoreni kwenye ramani ya mkono.
3. Nani atapima bomba kila wiki, na akiugua nani atamsaidia?
4. Nani anakwenda Kisangani mwezi huu na simu ya kupakua ramani?
5. Kama tutaacha mboji bila kulima, familia zipi zinapoteza, na tutawapa nini badala yake?

Mkisha kujaza karatasi ya kwanza, mpeni animateri wenu nakala moja, na nakala nyingine ibaki kwenye sanduku la kooperative. Tutapeleka vipimo kwa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kisangani wavilinganishe na picha zao, na majibu tutawarudishia nyinyi kwanza.